Liegeshwe Nje

Barua ya tatu imefika Jumanne.
Jina juu ya bahasha si langu:
Orrin Tveit, Two Harbors, limekatwa kwa kalamu nyekundu,
na pembeni anwani yangu, herufi zimelala
kama nyasi zilizopitiwa na ng'ombe.
Ni mkono wa binti yake. Mzee alizikwa Oktoba,
na kampuni bado inamwandikia kwa heshima zote:

Mpendwa mteja,
kisanduku cha breki chaweza kuvuja ndani kwa ndani,
kikapiga shoti, kikashika moto
hata injini ikiwa imezimwa,
hata funguo zikiwa zinaning'inia jikoni.
Hadi vipuri vipatikane, huenda mwezi Mei,
liegeshwe nje, mbali na nyumba.

Nje.
Hapa Duluth, Januari, nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri,
ziwa limeganda hadi macho yanapokoma,
na gereji yangu imekaa tupu, ina joto,
inalinda ndoo mbili na baiskeli.

Basi linalala uani kama mbwa anayeshukiwa kichaa.
Usiku naenda chooni, nachungulia dirishani:
halijawaka.
Alfajiri nataka kwenda kazini, nageuza ufunguo:
halijawaka.
Neno lile lile. La usiku nashukuru, la alfajiri natukana.

Barua ya kwanza ilikuwa ya mfuko wa hewa.
Ya pili ilikuwa ya injini inayokula oili,
na hiyo sikuhitaji kuandikiwa.
Halivuji tone, theluji chini yake ni nyeupe pee.
Linakunywa tu, kimya kimya,
kama mjomba fulani kwenye kila harusi.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.
Hili halikujitembeza. Lilitulia mbele ya kanisa la Kilutheri,
limeoshwa, viti vinanukia sabuni ya misonobari,
maili laki moja na elfu kumi na tatu,
nami nikalipa dola elfu saba na mia mbili,
miaka miwili ya kupakua tambi jikoni mwa shule.

Chini ya kiti, nikitafuta kikwaruzio cha barafu,
nimepata daftari. Mwandiko wa seremala, mdogo, wima:
Machi 4, lita moja.
Machi 19, lita moja.
Aprili 2, lita moja na nusu.
Alijua. Ukurasa baada ya ukurasa, alijua,
na siku ile alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili:
"Halijawahi kunilaza njiani."
Nayo ilikuwa kweli. Hapo ndipo paniumapo.

Jumapili amekuja kijana, Koua Xiong,
na mkewe, tumbo limemtangulia ndani ya koti.
Mke akainama kiti cha nyuma, akapima kwa shubiri
kama kitanda cha mtoto kitaenea.
"Lina tatizo lolote?"
Sentensi ya mzee ilikuwa tayari ulimini mwangu,
laini, imekwisha kutafunwa na mtu mwingine.

Nikaingia ndani. Nikatoka na daftari,
na barua zote tatu.
Alisoma amesimama, pumzi zikimtoka kama moshi,
na kwa sekunde moja nikadhani ni gari.
"Asante," akasema, kwa sauti ya mtu
aliyenyang'anywa kitu kwa manufaa yake.
Wakashuka mteremko kwa miguu, kuelekea kituo cha basi,
yeye upande wa barabara, mke upande wa ukuta.

Sasa ni saa nne usiku. Nimefungua daftari mezani.
Chini ya mstari wake wa mwisho nimeandika wangu:
Januari 18, lita moja.
Nikafikiri kidogo, nikaongeza:
Liko nje. Halijawaka.